Nimeitwa kazi ya ufundi hospitali ya misheni, natokea kiwandani. Naomba uzoefu

Bati_Nane

Habari za jioni wakuu.

Mimi ni fundi umeme, cheti cha VETA ngazi ya tatu. Kwa sasa nipo kiwanda cha kukamua alizeti hapa Singida: mota, kontakta, paneli, beringi. Msimu wa mavuno hatulali. Msimu ukiisha tunabaki kuangaliana na mshahara unakatwa nusu.

Sasa kuna hospitali ya misheni imeniita. Ina vitanda mia na ushee, fundi wao anastaafu mwezi ujao. Sista anayeshughulikia utawala alinizungusha kote: jenereta, kisima, chumba cha kufulia, jiko, mochwari. Mwisho akanipitisha kwa watoto njiti. Mashine zinalia pii pii, mirija huku na huku, nikajikuta nimetia mikono mfukoni nisije nikagusa kitu.

Walio kwenye kazi hii nisaidieni. Ni kweli fundi wa hospitali ni mtu wa kila kitu? Maana nilimkuta yule mzee anazibua sinki huku simu inaita kwamba friji ya maabara imegoma, na mimi mambo ya bomba sijasomea. Halafu zile mashine za wagonjwa zenyewe, ninaruhusiwa kuzifungua au nakaa nazo mbali? Majina yake tu siyajui. Kuna na suala la magonjwa: mke wangu ni mjamzito na ameshatangaza kwamba kazi hiyo italeta TB nyumbani. Mwisho, vifaa gani nijinunulie mwenyewe, kwa sababu karakana niliyoonyeshwa ina spana, nyundo na kalenda ya mwaka juzi.

Mshahara umezidi kidogo wa kiwandani, na wanatoa nyumba ndani ya uzio. Bado nawaza.

Mzee wa Chenjiova

Kijana, karibu. Mimi nipo kwenye kazi hiyo hiyo kanda ya kati tangu taa za thieta zilipokuwa za globu, zinamchoma daktari utosi.

Hiyo nyumba ndani ya uzio usiione kama zawadi. Wamekuweka karibu na jenereta. Ichukue, lakini mwambie mama mapema kwamba saa nane usiku mlango utagongwa.

Ni kweli utafanya kila kitu, sinki na choo vikiwemo. Hilo lisikukwaze. Kuna jambo ambalo wataalamu wanaokuja na kompyuta mpakato hawapendi kulisikia: mashine nyingi za hospitali hazifi kwa ubovu wa ndani. Zinauawa na umeme mchafu, maji mabaya na vumbi, na vyote vitatu vipo chini yako wewe, siyo chini ya mtaalamu atakayekuja kutoka mkoani mara mbili kwa mwaka. Kwa hiyo usiingie pale kinyonge eti ni fundi wa mota tu.

Anza na nyutro, ule waya wa kurudishia umeme. Unajua umeme wetu ni volti 230 kati ya fezi (waya wenye moto) na nyutro, 400 fezi kwa fezi. Nyutro ikilegea kwenye meni swichi, fezi zinaanza kugawana volti kulingana na mzigo. Upande wenye pasi na jiko unashuka, upande wenye vitu vidogo vidogo unapanda kwenda 300 na zaidi. Sasa jiulize vitu vidogo vidogo vya hospitali ni vipi. Ni hadubini ya maabara, ni mashine ya kupima damu, ni konsentreta za oksijeni, ni monita. Kiwandani nyutro ikilegea unasikia mota inaguna, unakwenda. Hospitalini utasikia tu kwamba "mashine ya maabara imeungua tena", na watanunua nyingine, nayo itaungua. Wiki yako ya kwanza panga na muuguzi mfawidhi muda wa kuzima jengo moja moja, fungua kila boksi la breka, kaza nyutro zote na waya za ethi (za ardhini) zote. Kazi ya bisibisi tu, lakini hakuna utakayoifanya mwaka huo yenye faida kubwa kuliko hiyo.

Ethi pima, usiulize. Majengo ya misheni yamejengwa kwa awamu, kila awamu na mfadhili wake na fundi wake. Utakuta soketi zina tundu tatu ukutani na nyuma kuna waya mbili.

Jambo lingine ni mpangilio wa fezi. Transfoma ikibadilishwa au laini ikikatika na kuunganishwa upya, fezi mbili zinaweza kurudi zimebadilishana nafasi. Taa zitawaka kama kawaida na watu watashangilia. Lakini kila mota ya fezi tatu itazunguka kinyumenyume. Kuna hospitali sitaitaja, walikaa bila maji tangu asubuhi mpaka usiku, pampu ya kisima inanguruma lakini maji hayapandi. Wakaita watu wa kuchomoa pampu, mabomba yakatolewa chini moja moja, kumbe ni waya mbili tu za kubadilishana pale juu kwenye stata, swichi ya kuwashia pampu. Weka rilei ya kulinda mpangilio wa fezi kwenye pampu na kwenye mashine kubwa ya kufulia. Na umeme ukirudi baada ya matengenezo ya laini, kitu cha kwanza nenda kaangalie geji ya pampu kabla hujaenda kunywa chai.

Misaada. Utakuta stoo imejaa vitu vilivyoletwa kwa kontena. Soma bati la nyuma kabla ya kuchomeka chochote. Kikiandikwa 120V 60Hz kimetoka Marekani, na ukikitia kwenye soketi yetu kinatoa moshi mara moja tu, basi. Kinahitaji transfoma ya kushusha volti. Hata hivyo transfoma hairekebishi hezi, yaani mapigo ya umeme kwa sekunde: kama ndani kuna mota ya kawaida iliyotengenezwa kwa hezi 60, kwetu itazunguka polepole na kupata joto. Kitu cha hita pekee hakina shida hiyo. Nimeona kitanda cha joto cha watoto wachanga, kipya, na karatasi ya nailoni bado haijabanduliwa, kimeuawa siku ya sherehe ya makabidhiano mbele ya wageni. Fundi wa pale alikuwa na multimita mfukoni na hakuna aliyemuuliza kitu.

Otoklevu ndiyo mashine utakayoishi nayo. Ni sufuria la mvuke la kuua vijidudu kwenye vyombo vya upasuaji: nyuzi 121 kwa dakika 15, au nyuzi 134 kwa dakika 3, na muda unahesabiwa joto likishafika, siyo tangu ulipowasha. Maji yetu ya huku ni ya chumvi na chokaa, unayajua, angalia birika lako nyumbani. Elementi ikivaa koti la chokaa haitoi joto, inajipika yenyewe na kupasuka. Manesi watakwambia mashine ni mbovu, bohari watakwambia elementi haipo, na upasuaji utaahirishwa. Weka tanki la maji ya mvua kwa ajili ya otoklevu peke yake. Elementi yenye koti ichemshe kwenye maji yenye sitriki asidi, ule unga mchachu wa wapika jamu, chokaa litabanduka. Gasketi ya mlango ifutwe kila siku, na vali ya usalama usiikaze hata siku moja. Ikivuja, badilisha. Ukiikaza ili isipige kelele umetengeneza bomu, na anayesimama mbele yake ni mama wa watu mwenye aproni. Chombo cha mgandamizo kinakaguliwa na OSHA, wakala wa usalama kazini; cheti chake kitafute kwenye faili na uangalie tarehe.

Jenereta. Kiwandani mkizima mnapumzika. Hapa daktari ana mkono ndani ya tumbo la mtu. Liwashe kila wiki, tena libebeshe mzigo wa kweli wa hospitali, kwa sababu jenereta kubwa linaloendeshwa tupu halichomi mafuta yote, linajaza masizi na uteute mweusi kwenye ekzosi. Kinachogoma mara nyingi siyo injini, ni betri, hasa vichwa vya betri vilivyoota unga mweupe. Kama chenjiova, ile swichi ya kuhama kati ya gridi na jenereta, ni ya mkono, mfundishe mlinzi wa getini kuitumia. Sitanii. Mlinzi yupo macho muda wote na yupo karibu kuliko wewe. Mchoree mishale kwa rangi nyekundu: washa, subiri injini itulie, kisha vuta kutoka moja, kupitia sifuri, mpaka mbili. Umeme ukirudi, rudisha moja na uache injini izunguke tupu dakika tano ipoe ndipo uzime.

Haya sasa, mashine za wagonjwa. Sheria yangu ni moja na ni ya kabla ya bisibisi. Usishushe breka yoyote ya wodi kabla hujaingia wodini kwa miguu yako na kuuliza nani anapumulia umeme wa upande huo. Siyo kwa simu. Simu anapokea mwanafunzi wa mazoezi anakujibu "sawa fundi".

Vifaa: multimita nzuri na klampumita, ile ya kubana waya kupima ampea, siyo zile za elfu kumi na tano. Tochi ya kichwani. Kipima mpangilio wa fezi. Mengine mwambie sista anunue, andika barua.

Spana13_KE

Salamu kutoka upande wa Kenya. Mimi nimesomea uhandisi wa vifaa vya matibabu pale KMTC, chuo cha tiba, na niko hospitali ya kaunti. Mzee amesema mengi ya maana, hasa hiyo ya nyutro. Lakini ndugu Bati_Nane, ukimsikiliza mzee peke yake utadhani ukijua stima umejua kila kitu. Wacha niweke breki kidogo.

Chukua konsentreta. Inavuta hewa ya chumba, inaondoa naitrojeni kwa punje za zeolaiti, inatoa oksijeni ya asilimia 93 hivi, juu au chini kwa 3. Zile punje zikiingiwa na unyevu zinachoka. Mashine itaendelea kunguruma, kipimo cha lita kitaonyesha lita tano, mrija utapuliza vizuri, na kile kinachotoka ni hewa ile ile ya chumbani. Fundi stima ataigusa mrija na kusema iko sawa. Bila kipima oksijeni cha kupima hewa inayotoka kwenye mashine, si kile cha kidoleni, hujui kitu. Kwa hivyo kwenye ile orodha ya barua kwa sista, ongeza kipima oksijeni, si kitu cha bei ya kutisha.

Chukua pia uvujaji wa umeme. Breka ya kuvuja unayoijua wewe inaruka kwa miliampea 30, na hiyo inatosha kumlinda mtu mwenye ngozi kavu jikoni. Kifaa chenye sehemu inayofika kwenye moyo, kiwango cha kimataifa kinaruhusu mikroampea 10 tu katika hali ya kawaida. Hiyo ni mara elfu tatu chini ya breka yako. Breka haitashtuka, wewe hutashtuka, mgonjwa ndiye atakayekufa. Ndiyo maana kuna vifaa maalumu vya kupimia hizi mashine na watu waliosomea kuvitumia.

Kwa maoni yangu, ventileta ya kupumulisha, difibrileta ya kushtua moyo, mashine ya ganzi na ile ya kukata kwa umeme thieta, usifungue. Eksirei usikaribie kabisa hata ikiwa imezimwa, ndani kuna kapasita zinabaki na chaji, na kwenu huko mionzi husimamiwa na TAEC, tume ya nguvu za atomiki. Na chochote cha oksijeni, mtungi, regyuleta, kiungo, usipake grisi wala mafuta. Kiwandani mmezoea kila nati inayokwama mnaimwagia mafuta. Oksijeni yenye mgandamizo ikikutana na mafuta inawaka bila kiberiti.

Mzee usikasirike.

Mzee wa Chenjiova

Sikasiriki, mwanangu. Hiyo ya grisi kwenye oksijeni ilipaswa itoke kwangu, na iandikwe ukutani.

Ila tusimtishe mtoto wa watu akabaki kwenye alizeti. Wewe upo hospitali ya kaunti, mpo wengi na mna kipimo. Huku kwetu mwenye stashahada ya vifaa tiba labda yupo hospitali ya mkoa, na akija ana foleni ya wilaya zote. Kijana mmoja wa mazoezi kutoka DIT, taasisi ya teknolojia Dar es Salaam, aliwahi kunisomea utafiti wa Malkin na Keane wa mwaka 2010. Walichambua maombi ya matengenezo kutoka hospitali 60 katika nchi 11 zenye hali kama yetu, wakakuta takribani theluthi mbili ya vifaa vilivyolala vingeweza kurudi kazini kwa ujuzi wa msingi tu: ugavi wa umeme, mabomba, mota, vitu vya kukaza na kulainisha, na kumwelekeza mtumiaji. Bila spea ya kuagiza nje. Ule ndio uwanja wa Bati_Nane. Fyuzi, plagi iliyoyeyuka, waya uliokatika shingoni, magurudumu ya kitanda, kichujio cha sponji cha konsentreta ambacho kinatakiwa kuoshwa kwa maji ya sabuni kila wiki na hakijaoshwa tangu mashine itoke kwenye boksi. Na kuivuta mashine isogee kutoka ukutani na kwenye pazia, maana inabanwa pumzi pale nyuma.

Tukubaliane hivi: nje ya kava ni ya fundi, ndani ya kava ni ya mwenye cheti, na kipima oksijeni kinunuliwe. Hapo nakuunga mkono kabisa.

Na bado namshauri asome. DIT na Chuo cha Ufundi Arusha wana stashahada za vifaa tiba. Akifanya kazi kwanza mwaka mmoja au miwili atakwenda darasani akijua anatafuta nini.

Nesi_Thieta

Mimi siyo fundi, naomba na sisi tusikike.

Kaka, kuhusu magonjwa mwambie wifi atulie lakini na wewe usidharau. Hatari yako kubwa siyo TB, ni sindano. Sinki likiziba wodini, kwenye bomba la chini utakuta pamba, uzi wa kushonea, na sindano. Haitakiwi iwe hivyo, kuna maboksi ya kutupia, lakini hali ndiyo hiyo. Usiingize mkono wenye glavu zile zetu nyembamba, vaa glavu nene za mpira na utumie koleo. Ukichomwa: osha kwa maji na sabuni, usikamue, njoo utoe taarifa saa hiyo hiyo. Dawa za kinga ya VVU zinaanza ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo bora. Mafundi wengi wanaficha kwa sababu wanaona aibu kupima.

Chanjo ya homa ya ini B ni dozi tatu: leo, baada ya mwezi, na mwezi wa sita. Dai kabla hujashika spana.

Wodi ya TB ingia na barakoa ya N95, siyo ile ya bluu ya kitambaa. Fungua madirisha. Kama kazi inaweza kufanyika nje, toa kifaa nje.

Saksheni ndiyo ninayotaka niiseme kwa nguvu. Ni mashine ya kunyonya damu na makohozi. Chupa ikijaa na kile kielea cha kuzuia kikagoma, uchafu unapanda mpaka kwenye pampu. Halafu mtu anampelekea fundi mezani kwake, pembeni ya chai yake. Usiipokee. Hakuna kifaa kinachotoka wodini kwenda karakana bila kuoshwa na kupitishwa kwenye klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10, na aliyeosha aandike jina lake kwenye kikaratasi. Muuguzi akikununia, mwambie ni agizo langu. Ila klorini isikae zaidi kwenye chuma, inakula, suuza.

La mwisho. Ukitengeneza kitu, usikirudishe kimyakimya ukaondoka. Tuite, kiwashe mbele yetu. Ninyi mafundi mna tabia ya kuacha kifaa mlangoni, sisi hatujui kimepona au kimerudi kama kilivyokuwa, tunakiweka kabatini miezi. Na mkigundua tunachomoa konsentreta kuchaji simu, semeni. Ongezeni soketi.

Kata_Mbuga

Mimi nimekuja kuuliza tu huo mshahara "umezidi kidogo" ni shilingi ngapi 😂

Bati_Nane

Mkuu Kata_Mbuga unazidi wa kiwandani kwa gunia moja la alizeti na debe. Tuishie hapo.

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Mke wangu nimempa asome ya nesi, amepunguza ukali, ila ameweka sharti: nguo za kazi hazivuki kizingiti.

Jana nilirudi pale nikamwomba yule mzee anayestaafu anipitishe polepole. Naleta nilichokiona. Chenjiova ni ya mkono, ina nafasi tatu kama alivyosema Mzee, na mlinzi hajui lolote. Jenereta linabeba hospitali yote kwa mkupuo, hadi pasi za chumba cha kufulia na jiko la umeme la masista. Yule anayestaafu anasema likiwashwa wakati jiko linatumika linazima. Thieta haina UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika), ina taa moja ya betri ukutani ambayo haikuwaka tulipoijaribu. Mitungi ya oksijeni ipo miwili, mmoja umesimama bila mnyororo. Konsentreta zipo nne, tatu zinatumika, ya nne wanasema "inapuliza ila haina nguvu".

Swali langu sasa ni la mpangilio. Nikianza Jumatatu na vyote vinanisubiri, ninashika kipi?

Spana13_KE

Mtungi. Mnyororo leo hii, hata kamba ngumu, usingoje Jumatatu. Ule mrefu mweusi wenye mabega meupe unashika karibu lita 6,800 kwa mgandamizo wa bar 137. Ukianguka na shingo ivunjike, unapita ukutani.

Ukishaufunga, piga hesabu mwenyewe: lita tano kwa dakika, mtungi uliojaa unakupa saa 22 na kidogo. Hesabu hiyo ibandike ukutani wodini, ili saa tisa usiku nesi asibahatishe. Ile konsentreta ya nne weka karatasi ISITUMIKE mpaka ipimwe. "Inapuliza ila haina nguvu" ndiyo ile niliyokuwa nasema.

Mzee wa Chenjiova

Spana yuko sahihi, mtungi kwanza.

Baada ya hapo taa ya thieta, ni betri tu, usiku mmoja wa kuchaji utakuambia kama imekufa. Mlinzi na chenjiova ni saa moja ya kufundisha, mfanyishe mwenyewe mara kadhaa huku umesimama pembeni umekunja mikono.

Jenereta lenyewe usilitukane, halina kosa. Tenganisha mzigo. Zipeleke thieta, leba, watoto njiti, maabara, friji ya chanjo na pampu ya maji kwenye boksi lake la breka lipitie chenjiova. Jiko, pasi na hita za maji zibaki upande wa gridi peke yake, umeme ukikatika na zenyewe zizime. Kazi hiyo ina kebo na ina gharama, kwa hiyo siyo ya Jumatatu. Tembea na klampumita wiki nzima kwanza, andika ampea za kila laini asubuhi, mchana na usiku, uwapelekee namba. Masista wanaheshimu namba. Ukiwaendea na "mzigo ni mkubwa" watakujibu tuombe Mungu. Na hakikisha anayesaini ramani ya mabadiliko hayo ana leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, ya daraja linalohusika. Kama wewe huna, wamtafute mwenye nayo na ufanye naye kazi.

Jiko la masista liguse mwisho, na ukamwambie mwenyewe sista mkuu uso kwa uso kabla hujalitoa kwenye jenereta. Mpelekee na jiko la gesi mkononi.

Huyo mzee anayestaafu mwombe daftari lake. Kama hana, kaa naye jioni mbili tatu ukiandika: vali za maji zimefukiwa wapi, kebo ya mochwari inapita chini ya jengo gani, ufunguo wa tanki la dizeli anao nani. Vitu hivyo haviko kwenye ramani yoyote, na akishapanda basi kwenda kwao utamtafuta kwa simu isiyopatikana.

Nesi_Thieta

Na dozi ya kwanza ya chanjo uchome wiki hii, mkataba utakukuta na kadi mkononi. Ukiambiwa chanjo imeisha hapo kwenu, nenda hospitali ya mkoa kaulize.

Bati_Nane

Mnyororo nimeupeleka leo mchana, nimeukata kwenye ule wa zamani wa kiwandani baada ya kuomba. Kadi ya chanjo nafuata kesho. Sista amekubali kipima oksijeni, ananiuliza bei. Spana, nitumie aina unayotumia wewe.